Ndege Aliyeonekana Lerran Baada ya Kufa

Ndege jike mmoja, wa wale waitwao mdomo-mrefu, alikufa mwezi wa Februari katika shamba la mpunga huko Ureno, na mwezi wa Julai Denzil Rundle akamwona yuko Lerran, mzima wa afya, anachokoa minyoo matopeni. Akamwandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa pete za rangi alizovishwa na watafiti: ya kijani juu ya nyekundu mguu wa kulia, njano juu ya nyeupe mguu wa kushoto. Tatizo ni kwamba wakati ule pete hizo zilikuwa ndani ya bahasha, juu ya meza ya mtaalamu mmoja wa mambo ya ndege, na miguu yenyewe bado imo ndani yake.

Barua iliyokuja ilikuwa ya adabu sana. Watu wa ndege wakitaka kukuambia umesema uongo, hawakwambii umesema uongo. Wanakushukuru kwa taarifa yako, kisha wanakuuliza kama siku ile hali ya hewa ilikuwa nzuri. Thirza, mke wa Denzil, aliisoma kwa sauti pale mezani, maana siku hizi ndiye aliyesoma barua zote za nyumba ile. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Mzee, huyu ndege wako amefufuka?"

"Watakuwa wamechanganya bahasha hao," alisema Denzil.

"Na wewe umechanganya chumvi na sukari. Nimekuona unaitia kwenye chai, nikanyamaza nione utafika wapi."

Alikuwa amefika nusu kikombe.

Siku mbili baadaye simu ililia. Alikuwa Imogen Pascoe, binti wa miaka thelathini na ushei, msimamizi wa hesabu ya ndege kwa mito yote ya upande ule wa Cornwall, Uingereza. Alisema Jumapili atakuja Lerran, wahesabu wote wawili, wapige na soga kidogo. Denzil akamwambia karibu sana, kipenzi, karibu. Watu wa Lerran humwita kila mtu kipenzi, awe mkwe, awe askari anayewaandikia faini. Lakini alipoweka simu chini akaanza kuhesabu miaka. Katika miaka thelathini na moja hakuna msimamizi aliyewahi kuja kuhesabu pamoja naye. Mtu haji kukaa begani kwako anapokuamini.

Hesabu yenyewe ni hivi. Mara moja kwa mwezi, Jumapili iliyopangwa, maji yanapojaa, kisiwa kizima cha Uingereza hukaa kingoni mwa maji. Wastaafu, walimu, wajane, makarani wa benki, kila mmoja ana kipande chake cha mto au pwani, na kila mmoja anahesabu ndege wote wa maji waliomo, saa ileile, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Halipwi mtu. Kipande cha Denzil kilianzia gati lililovunjika mpaka kwenye tanuri la zamani la chokaa, na usimwambie kwamba kilikuwa cha serikali au cha mfalme, kilikuwa chake. Alikosa Jumapili mbili tu. Moja alikuwa anamzika mama yake, na nyingine aling'olewa jino, na hiyo ya jino mpaka leo inamchoma.

Kabla ya kustaafu alikuwa muuza maziwa. Miaka thelathini na sita alizunguka na kile kigari cha betri kisichonguruma, akiacha chupa milangoni watu wangali wamelala, na kwa kuwa kigari kilikuwa kimya, ndege ndio walioongea naye. Aliwajua kwa sikio kabla ya kuwajua kwa jicho. Mteja wake mmoja, mwalimu mzee wa jiografia, alikuwa akimwachia vikaratasi ndani ya chupa tupu: leo pinti mbili, na yule unayesema analia kama bawaba isiyotiwa mafuta ni fulani. Ndivyo alivyosoma. Hakuwa na shule nyingine, na hakuona kama alipungukiwa.

Sasa niseme lile ambalo Denzil mwenyewe hakuwa amelisema kwa mtu. Thirza alijua kwamba macho ya mumewe yamedhoofu, ndiyo maana ndiye aliyeendesha gari. Hakujua ni kiasi gani. Katikati ya kila kitu alichokitazama Denzil palikuwa na doa, kana kwamba mtu amebandika dole gumba kwenye kioo. Akimtazama ndege, ndege anatoweka. Akitazama pembeni, ndege anarudi, lakini amefifia, amelowa ukungu, na ukimgeukia tu umemfukuza tena. Lilianza jicho la kushoto, likafuata la kulia.

Akifika hesabuni aliandika vipi, basi? Aliandika anachokijua. Alijua mwezi, alijua bamvua, alijua upepo, alisikia sauti. Sauti ile ya Agosti ni ya nani, na huwa wanakuja wangapi, na wanasimama wapi. Doa likifunika ndege mia, yeye aliwajaza. Hakuwa anadanganya, alijiambia, alikuwa anajaza. Na nyuma ya kila fomu ya hesabu, kwa herufi ambazo hata yeye aliweza kuzisoma zamani, kumeandikwa: andika ulichokiona, usiandike unachodhani kipo. Loo! Alikuwa amewasomea maneno hayo watu wengine, tena kwa ukali, wale vijana waliokuja wakidai wameona bata wa ajabu kila wiki.

Yule mdomo-mrefu mwenye pete alikuwa amekuja Lerran kila Julai kwa miaka kumi na moja mfululizo, akitoka Iceland, kifua chekundu kama matofali mapya. Julai hii Denzil alisikia kundi likitua, akatazama pembeni kidogo, akaona wekundu wa vifua na miguu mirefu, na moyo wake ukasema yumo. Atakosaje? Akaandika rangi za pete moja baada ya nyingine, bila kuona hata moja. Furaha aliyokuwa nayo jioni ile ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomfedhehesha kuliko yote alipokuja kujua.

Jumapili ikafika. Thirza aliegesha gari chini ya mialoni, akasema yeye atabaki na gazeti lake na chupa ya chai.

"Usimtolee yule binti maneno ya kiburi," alisema. "Nakujua."

"Mimi nina kiburi?"

"Wewe ukikanyaga mavi ya ng'ombe unasema yamekukanyaga."

Akashuka akicheka. Njia ya kwenda kwenye kibanda cha kutazamia aliijua kwa miguu. Mwisho wa Agosti mto ule huwa kama mtu aliyelala akitabasamu. Maji yalikuwa yanapanda bila sauti, yakijaza vijito vya matope kimoja kimoja, yakiinua manyasi ya chumvi, na maua ya zambarau ya majira yale yalikuwa yanaelea juu ya fedha. Hewa ilinuka matope, matunda meusi ya miiba na jua la jana. Kwa macho ya Denzil hakukuwa na mpaka kati ya mto na mbingu, vyote vilikuwa kitambaa kimoja kinachopumua. Mahali fulani ndani yake ndege wa Siberia na wa Iceland walikuwa wanasogezwa na maji, hatua moja, hatua nyingine, wakilalamika kidogo kidogo.

Imogen alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amesimamisha darubini yake ya miguu mitatu, viatu vimelowa, nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu.

"Denzil! Nilidhani umeniogopa."

"Nikuogope wewe, kipenzi? Nilikuuzia maziwa uko tumboni. Mama yako alikuwa anachukua pinti tatu, na zote ulizinywa wewe."

"Ndiyo maana nimekuwa na magoti makubwa." Akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Tuhesabu kimya kimya. Kila mtu na karatasi yake, tukimaliza tuonyeshane. Sawa?"

"Sawa."

Wakahesabu. Kule kibandani mtu hasemi wakati wa hesabu. Unasikia kidude cha kubonyeza cha kuhesabia tu, tik, tik, tik, na pumzi. Denzil aliweka jicho kwenye darubini yake, akaona lile dole gumba, kubwa kuliko siku zote. Akalizungusha pembeni. Kundi likatokea, wekundu uliochanganyika na kijivu, mstari mrefu kwenye ulimi wa mchanga. Akatazama, likafutika. Akatazama kando, likarudi. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto kabla haijamponyoka. Na ajabu ni kwamba palikuwa pazuri. Alikuwa na hofu, na bado palikuwa pazuri, ndege wakizuka na kuzama bila umbo, mabawa yakimetameta mahali ambapo hakuwa akitazama.

Kisha akafumba macho akasikiliza. Hapo alikuwa mfalme. Huyu anapiga mluzi mara tatu, yuko peke yake, upande wa tanuri. Wale wanaotetemesha sauti yao ndefu ni wawili, hapana, watatu. Chamchanga, wale vindege wadogo wa ufukweni, wanavuma kama uji unaotokota, kundi la wastani. Akaandika: mia moja na tisini. Akaandika mdomo-mrefu mia mbili na arobaini. Akatazama pembeni ya kushoto, akaona weupe kwenye manyasi, akaandika: yangeyange saba.

Maji yakasimama. Imogen akaweka kalamu chini, wakabadilishana karatasi. Denzil akainua ile ya Imogen mbele ya uso wake, kwa heshima tu, hakuweza kuisoma.

Imogen aliisoma ya Denzil mstari kwa mstari.

"Chamchanga tumepishana kwa kumi na wawili tu," alisema. "Na umeandika yule wa mluzi upande wa tanuri, mimi sikumwona kabisa. Nimemsikia sasa hivi."

"Yupo."

"Yupo. Mdomo-mrefu, mimi nina mia na sitini na nane."

"Wengine wamejificha nyuma."

"Hakuna nyuma, Denzil. Ulimi ule umekatwa na maji wakati wa dhoruba za Machi. Umebaki nusu." Alisema polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Na yangeyange mimi nina watano."

"Saba. Hao hapo, kwenye manyasi."

"Wawili ni mifuko ya mbolea."

Denzil akacheka. Hilo ni kosa la kila mtu wa ndege, hakuna ambaye hajausalimu mfuko wa plastiki, na vijana hutaniana kwa hilo mpaka uzeeni. Akangoja Imogen naye acheke. Hakucheka.

"Umeitazama mifuko hiyo kwa darubini ya kukuza mara thelathini," alisema Imogen. "Mmoja umeandikwa kwa herufi nyekundu."

Nje, kundi la chamchanga liliruka, likageuka, likang'aa, likageuka tena. Denzil alisikia upepo wa mabawa ukipita juu ya paa.

"Nikwambie kilichonileta," alisema Imogen. "Kamati ya hesabu imekaa. Wanasema, kama yule mwenye pete hakuwepo, basi na wengine je? Wanataka kutia alama ya kuuliza kwenye hesabu zako zote. Miaka thelathini na moja. Zikitiwa alama hiyo hazitumiki tena, zinawekwa kando. Nimewaambia wasubiri, nikuone kwanza."

"Zote?"

"Hawajui waanzie wapi. Wewe tu ndiye unayejua."

Maneno yale yalimwingia Denzil polepole. Alifikiria asubuhi zile za barafu, wino ukiganda kwenye kalamu. Alifikiria majira ya baridi aliyowahesabu bata elfu moja na mia nne mmoja mmoja, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza treni iliwarusha. Zile zilikuwa za kweli. Alikuwa na macho ya mwewe wakati ule na kila tarakimu ilikuwa ndege mwenye damu na manyoya. Na sasa zitupwe kapuni kwa sababu ya kiburi cha mzee mmoja asiyetaka kuambiwa apumzike. Aliona haya, haya ya kitoto, masikio yakamwaka moto.

"Sioni, Imogen," alisema.

"Najua."

"Hujui. Sikuoni wewe. Naona kamba ya nywele zako na kipande cha bega. Katikati hapana kitu."

Imogen akamshika mkono. Hawakuzoea kushikana mikono watu wale, na Denzil aliuacha mkono wake ulalie pale kama glavu ya mtu mwingine.

"Ilianza lini?" aliuliza Imogen. Kisha, haraka, kabla hajajibiwa: "Tuseme Aprili? Ulimi ulivunjika Machi, hesabu zako za tangu Aprili ndizo zisizolingana na za jirani. Aprili ni sawa. Nitawaambia kamati Aprili, wataondoa miezi mitano, basi, yamekwisha."

Alikuwa anamhurumia, na Denzil alijua anataka kumwokolea nini. Januari ya mwaka jana, asubuhi ya ukungu, Denzil alikuwa ameandika ndege mia sita na kumi na wawili weusi-na-weupe, wale wenye mdomo uliopinda kwenda juu. Hawajawahi kuonekana wengi hivyo mtoni mule. Taarifa ya mwaka ya jimbo iliwaweka ukurasa wa kwanza, na chini yake, kwa herufi nzito, D. Rundle. Watu wasiomjua walimpigia simu. Kule kwenye klabu ya watu wa ndege, alipoingia, vijana wa darubini za bei kali walisimama, wakampa kiti. Katika maisha yake yote ya chupa na milango, hakuwahi mtu kusimama ili yeye akae.

Na aliwaona? Aliona weupe. Weupe mwingi, mzuri, ukielea ukunguni, na sauti zao laini kila upande. Alihesabu mpaka mia tatu na kitu, doa likala wengine, naye akajaza. Huenda walikuwa mia sita. Huenda walikuwa mia nne na ukungu.

Aprili. Neno dogo tu, na hakuna ambaye angeuliza. Kinywa chake kilikwisha kulitengeneza.

"Daktari aliniambia Novemba," alisema Denzil. "Ya mwaka juzi. Tarehe tisa, Jumanne. Aliniambia jicho la kushoto limekwisha na la kulia liko njiani, na Jumapili ya wiki ile ile nilikuja hapa nikahesabu kama kawaida."

Imogen akaokota kalamu yake, akairudisha chini.

"Denzil. Novemba iko kabla ya Januari."

"Najua miezi inavyofuatana, kipenzi."

"Tutawaondoa mia sita na kumi na wawili."

"Waondoe. Lete fomu, nitatia sahihi mwenyewe. Nionyeshe tu mstari uko wapi."

Imogen akaiweka fomu juu ya ubao wa dirisha, akachukua kidole cha mzee akakiweka mahali pa kuandika. Denzil akaandika Novemba tisa, akaandika jina lake. Machozi yalimtoka, hakuyaficha. Alimwambia Imogen kwamba kipande cha gati mpaka tanuri kinahitaji mtu anayeweza kuamka mapema, na kwamba asikipe kile kibwege cha kofia ya kijani kinachoona bata wa ajabu kila wiki. Imogen, naye analia, akasema hatakipa. Akabeba darubini yake, akaenda kumalizia kuhesabu upande wa kusini kabla maji hayajaanza kupwa.

Denzil akatoka nje ya kibanda, akakaa kwenye kigogo juani. Kifuani palikuwa pepesi na patupu, panamuuma. Nyuma yake akasikia viatu vya Thirza kwenye njia, anakuja na chupa ya chai na mikate ya zafarani.

"Nimemwona yule binti anapita analia," alisema Thirza. "Umemtolea maneno gani?"

"Nimemwachia kipande."

Thirza akasimama pale na chupa mkononi. Hakusema neno la mzaha, ingawa alikuwa nayo mengi tayari. Mbele yao maji yalikuwa yamefika ukingo, yametulia, na ndege wote wa mto walikuwa wamesukumwa karibu kuliko walivyowahi kuwa. Wekundu, kijivu, weupe, wakisinzia kwa mguu mmoja, wakinong'ona. Denzil aliwaelekezea uso wake, wakatoweka. Akaugeuza uso kidogo, wakarudi wote. Akauacha hapo hapo.

"Wako wangapi?" aliuliza Thirza, kwa sababu hilo ndilo alilomuuliza kila Jumapili ya hesabu tangu mwanzo, na kila mara alijibiwa tarakimu.

"Wengi," alisema Denzil.

Thirza akaweka chupa chini, akakaa kando yake, akaanza kuwatazama.